Kona ya Mfereji

Kabla sijaanza kuwasema watafiti, niseme kwanza kwamba walikuwa watu wazuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wangekuwa wabaya ningepata mtu wa kumtukana, nikatukana, nikapumua.

Walikuja Kalemie wakati ziwa lilipopanda na kukataa kushuka. Sisi tunakaa upande wa chini wa reli, kati ya bwawa na ziwa, na maji yalikuwa yanatujia kutoka pande zote mbili: mvua ikinyesha milimani bwawa linafurika, na ziwa nalo limeshapanda, halitaki kupokea. Tuliweka mifuko ya mchanga milangoni. Asubuhi moja jirani yetu alikuta samaki wadogo ndani ya sufuria yake, wakiwa hai, na mtaa mzima ukacheka. Baadaye magodoro yalipooza kwa maji na watoto wakaanza kukohoa, hakuna aliyecheka tena.

Watafiti walitueleza kwamba wanataka kujua mtaa wetu una udhaifu gani mbele ya mabadiliko ya tabianchi, na pia matete, kijito na ufuo vina udhaifu gani. Wakasema hawataki kuandika peke yao ofisini, wanataka wadau waseme. Mdau, walitufafanulia, ni mtu yeyote ambaye jambo linamgusa. Mvuvi ni mdau. Mama anayeanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ni mdau. Shefu wa mtaa, mwenye mtumbwi, mwenye nguruwe, wote wadau. Neno lilitupendeza. Kwa wiki nzima watu walikuwa wanaitana hivyo barabarani, mdau huyu, mdau yule, hata mlevi wa pale kituo cha pikipiki akadai kiti cha mbele mkutanoni kwa sababu na yeye mvua inamgusa.

Mimi walinichukua niwe animatrisi. Ndiye yule anayesimama katikati ya mkutano, anageuza Kifaransa cha wageni kuwa Kiswahili cha mtaa, na anachekesha watu wasisinzie baada ya chakula. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sauti ninayo, na sioni haya mbele ya watu.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema kwenye mikutano yote ile. Pale kijito chetu kinapoingia ziwani kuna matete, na nyuma ya matete kuna kipande cha ardhi chepechepe ambacho halimi mtu. Binti yangu alilazwa pale. Alikufa kwa homa kabla ya kuota jino.

Kwa mama zetu, waliohamia hapa kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa, mtoto ambaye hajaota jino hazikwi makaburini. Hakuna sanduku, hakuna msalaba, hakuna watu wa kuja kulala msibani. Wanaume hawaendi. Wanawake waliokwisha kuzaa humchukua alfajiri, wakamlaza kwenye udongo wenye maji ili tumbo la mama yake lisikauke, kisha wakarudi kwa njia nyingine. Mama mwenyewe haendi. Haonyeshwi mahali, na haulizi. Wanasema ukipataja mahali pale kwa sauti unamwamsha mtoto, naye anarudi kukaa tumboni mwako kuwazuia wenzake. Nimesoma, nimefundisha sayansi darasa la sita, najua tumbo linafanyaje kazi. Na sikupataja.

Aliyembeba ni mama yangu. Nilimwona anatoka mlangoni na kitenge changu cha njano mikononi, nikabaki nimekaa kitandani, maziwa yananivuja mpaka kwenye goti. Mwaka uliofuata mume wangu alikwenda Kabimba kutafuta kazi kwenye kiwanda cha saruji, na huko akapata kazi na mke. Hakutokea mtoto mwingine. Kwa hiyo yule ndiye mtoto wangu, wa kwanza na wa mwisho, na kwa miaka mingi nilikuwa naangalia yale matete kwa mbali nikiwa naenda shuleni, nikijiuliza ni upande gani. Ningetoa chochote nijue ni upande gani.

Wakati binti yangu yuko hai, mama ndiye alikuwa anamwogesha jioni. Hakuamini kiganja chake. Alisema kiganja cha muuza ndagala kimekufa kwa chumvi, hakijui moto wala baridi. Basi anaingiza kiwiko kwenye beseni, anangoja kidogo, uso umetulia, kisha, maji yakimridhisha, ananiambia, "Njo sawa. Leta mutoto." Mimi namleta.

Siku ya kuchora ramani tulikutana kwenye uwanja wa kanisa. Wanaume walipewa upande mmoja, wanawake upande mwingine, ili kila kundi lichore mtaa chini, kwenye mchanga, kama linavyouona. Majivu yalikuwa reli. Maharage yalikuwa nyumba. Ndagala wakavu walikuwa vichanja vya kuanikia, na hapo pakawa na kesi, maana kuku alipita akala kichanja cha mtu. Wanawake walicheka, wakagombana juu ya choo cha nani kimeingiwa na maji kwanza, wakasogezana kwa makalio. Mkuu wa watafiti, mama mmoja wa Kinshasa mwenye miwani, aliinama nao kwenye mchanga bila kujali suruali yake. Nilimpenda siku ile, sitakana.

Lakini mikono ilipofika kwenye kijito, ilisimama. Nyumba ziliishia hapa, ufuo ukaendelea kule, na katikati, nyuma ya matete, hakuna aliyeweka hata punje. Mtafiti akanyoosha kidole, akaniomba niwaulize pale kuna nini. Nikauliza. Ilibidi niulize, ndiyo kazi yangu.

Mama yangu ndiye aliyejibu. "Pale hapana kitu. Njo pori tu."

"Hapalimwi?" mtafiti akauliza kupitia kwangu.

"Hapalimwi. Bule tu."

Nikageuza kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa maneno yale yaliniuma zaidi, sijui kwa nini. Tulipokwenda kuangalia ramani ya wanaume, nayo ilikuwa tupu palepale. Wao hawakuwa wanaficha, kweli hawajui. Watafiti walifurahi. Walisema makundi mawili yakichora peke yao na kupatana, basi habari ni ya kuaminika.

Walirudi baada ya mvua na ramani kubwa iliyochapwa kwenye karatasi nene, wakaitundika ukutani mwa kanisa. Nyumba zilizo hatarini zilikuwa nyekundu, matete ya kijani, ziwa la buluu. Kipande chetu kilikuwa cheupe. Mhandisi aliyekuja nao akaeleza kwamba dawa ya mtaa ni mfereji, kutoka bwawani mpaka ziwani, ili maji ya milimani yapite bila kutulia ndani ya nyumba. Akachora mstari kwa rula. Mstari ulipita katikati ya ule weupe. Lazima unyooke, akasema, maji yakikimbia moja kwa moja hayali kingo. Na ni bahati mtaa una sehemu isiyo na kitu, la sivyo tungebomoa nyumba za watu.

Kisha wakauliza kama kuna mdau mwenye pingamizi.

Nilikuwa nimeshika maikrofoni. Wanawake wote walikuwa wananitazama mimi, na mimi nilikuwa namtazama mama. Akainua mkono. Nikajua atalisema, mzee kama yeye nani atamlaumu. Nikapita kati ya viti, nikampa maikrofoni.

"Batoto banalala juu ya meza," akasema. "Mayi inalala na sisi kama mugeni asiyetaka kuondoka. Mupitishe mufereji."

Akaketi. Na mikono ya wanawake wengine ikainuka, polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka yote. Watafiti wakapiga makofi. Shefu wa mtaa akapiga makofi. Nilimchukia mama yangu. Sitaki kulipamba, nilimchukia pale kanisani, mbele ya ile ramani, na chuki yenyewe ilinipa nguvu ya kutafsiri mpaka mwisho.

Nyumbani nilivunja mwiko. Alikuwa amekaa chini anachagua mchanga kwenye ndagala, nikasimama mbele yake.

"Mama, unajua iko pale."

"Nani iko pale?"

"Mama!"

Hakuinua kichwa. "Wenye kuwa wazima njo wanalala mu mayi," akasema. "Wale wengine wamezoea."

"Basi unionyeshe. Mbele ya kuchimba. Unionyeshe tu ni wapi, sitasema na muntu."

"Ile haionyeshwaka, mwana wangu."

Nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Akaendelea kuchagua ndagala. Tulikaa nyumba moja bila kusemezana mpaka siku ya kuchimba, tukisukumiana chumvi kama wapangaji.

Kuchimba kuliwekwa kiangazi, na kila mdau alipewa sehemu yake: wanaume wachimbe, wanawake wapike. Mhandisi alifunga kamba kwenye vijiti kutoka bwawani mpaka ziwani, ikanyooka safi, kisha yeye na watafiti wakapanda boti kwenda Moba, ambako walikuwa na kazi nyingine ya namna hiyo. Shefu akaachiwa usimamizi. Wanaume walichimba kwa bidii na nyimbo. Tulikuwa tumeweka mafiga karibu na matete, sombe ya majani ya mihogo inachemka, tunasonga bukari, ugali wetu, kwenye masufuria ya kanisa. Beche za wachimbaji zilikuwa zinakaribia. Nilikuwa nazisikia mgongoni kila ninapogeuza mwiko.

Walipobakiza kidogo kufika kwenye kile kipande, mama aliweka chini kisu chake cha kukatia vitunguu. Akajifuta mikono. Akatembea mpaka chini ya kamba, akaangalia matete, akaangalia ziwa, akasogea hatua chache kushoto, na akaketi kwenye udongo chepechepe, miguu ameinyoosha.

Wanaume walimfikia wakasimama. "Mama, utoke pale, kamba inapita."

"Miguu inaniuma. Mupite pembeni."

Wakacheka. Shefu akaja, naye mwanzo akacheka. "Mama, ulisema wewe mwenyewe mbele ya watu wote mufereji ipite."

"Nilisema ipite," mama akajibu. "Sikusema ipite juu yangu."

Shefu aligeuka, kwa sababu mama mwingine alikuwa ameacha sufuria yake. Alikuja akapita pale mama alipokaa, akaendelea kidogo, akaketi karibu na matete. Wa tatu akaketi nyuma yao. Vikongwe wa mtaa, waliowabeba watoto wa watu alfajiri kwa miaka yote ile, waliacha bukari ikaungua wakaja kukaa, mmoja hapa, mmoja kule, kila mmoja akitafuta kwanza kwa macho kabla ya kushusha makalio. Hakuna aliyekaa mahali pa mwenzake.

Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, na nadhani nilikuwa nimeshaelewa, lakini mwili ulikataa kuelewa haraka. Mama akageuka. Akapiga udongo ubavuni mwake kwa kiganja, taratibu.

"Kuja ukae," akaniambia. "Bukari imeshaungua. Kuja."

Nikaenda nikaketi. Udongo ulikuwa baridi ukaniloanisha nguo mara moja. Mama hakuniangalia. Tulikaa bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu mlango ule ufunguliwe alfajiri ile nilikuwa na mtoto wangu.

Mvuvi mmoja mzee alikohoa. Alikuwa amezaa na kupoteza, naye nyumbani kwake waliwahi kumwambia asiulize. Akang'oa kijiti, akahamisha kamba, akaipinda mbali nasi, akaizungusha, akairudisha kwenye mstari baada ya kumpita mwanamke wa mwisho. Hakuna mwanaume aliyembishia. Mfereji ukachimbwa na kona kubwa kama tumbo la mwenye mimba, na sisi tukaenda kukwangua masufuria.

Kiangazi kile nilikuwa mama. Nilipita pale kila nikitoka shuleni, nikijifanya nakata majani ya kufagilia. Nilikaa palepale. Nilimweleza binti yangu habari za darasa langu, nani mtundu, nani anaandika kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia baba yake amenenepa. Ni mambo ya kipuuzi, lakini akina mama wenzangu huwaambia watoto wao mambo ya kipuuzi kila siku na hakuna anayewashangaa. Na mama yangu nilianza tena kumpa chumvi mkononi.

Watafiti walirudi kukagua. Mhandisi alisimama kwenye kona akashika kiuno. Mkuu wao akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kwa nini mfereji umepinda. Nilimwambia wadau waliamua. Alingoja, akiniangalia kwenye macho, akijua bado kuna neno. Halikutoka. Mhandisi akaagiza mawe yapangwe ukingoni, akasema maji hayapendi kugeuzwa, Mungu atusaidie. Tulipanga mawe sisi wanawake, kwa mikono yetu, hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa uangalifu kama ile.

Mvua zilipokuja zilikuja zote pamoja. Maji yalishuka milimani yakiwa mekundu, yakaingia mferejini kwa kishindo, na mtaa mzima ulitoka kusimama kwenye mvua kuangalia kama nyumba zitapona. Yalifika kwenye kona yakakataa kugeuka. Yaligonga mawe yetu, yakarudi nyuma, yakagonga tena. Kisha ukingo ukalainika na kuanguka, na baada yake kile kipande chote, udongo na matete na kila kitu, kikamegeka vipande vikubwa na kuingia kwenye maji mekundu. Maji yakafungua njia moja kwa moja mpaka ziwani.

Watu walishangilia. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli, na sina haki ya kuwalaumu. Nyumba zilibaki kavu. Watoto walilala chini kwenye mikeka yao usiku ule. Wanaume walikumbatiana kwenye matope. Mimi nilikimbia kando ya maji nikitafuta rangi ya njano. Sikuiona, na mpaka leo sijui kama ningeiona ingekuwa heri au ingeniua. Mama alibaki amesimama chini ya mvua, mikono juu ya kichwa, na vikongwe wenzake wamesimama hivyohivyo, na walioshangilia walidhani ni furaha.

Mfereji sasa umenyooka, kama ulivyochorwa kwa rula.

Mkuu wa watafiti alipokuja mara ya mwisho nilimwambia yote. Sikuwa na mtu wa kumwamsha tena. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kanisa, chini ya ile ramani. Alivua miwani akalia, mtu mzima na shahada zake, akashindwa kuzuia kamasi. Aliponyamaza akaniambia kulikuwa na njia nyingine, nyuma ya bohari la zamani la reli. Ndefu zaidi, kazi zaidi, lakini ingewezekana. "Mngesema tu," akaniambia. "Tuliwauliza kila kitu."

Kweli walituuliza. Walituuliza vizuri, kwa heshima, kwa lugha yetu, mara nyingi. Nikamwambia kwamba kile ndicho kitu kimoja ambacho kwetu hakisemwi, na hakuna swali ambalo lingekitoa. Akatikisa kichwa. Hakuandika, na nilimshukuru kwa hilo. Tulikaa mpaka mlinzi wa kanisa akaja kufunga mlango.

Mama haulizi ndagala wanatoka sehemu gani ya ziwa, ila ameacha kuwala, na baadaye akaacha hata kuwauza. Siku hizi anauza mihogo. Hajanitajia kona hata mara moja, wala mimi sijamtajia. Jioni yeye huteremka kuteka maji, na mimi hufuata na ndoo ya pili kwa sababu mgongo wake si ule wa zamani.

Jioni ya kwanza baada ya mvua zile kukatika nilichelewa nyuma yake. Nilipofika alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji mpaka magotini, pale mfereji unapomwagia. Alikunja mkono wa gauni. Akainama, akaingiza kiwiko kwenye maji, akangoja, uso umetulia.

"Njo sawa," akasema.

Nilisimama na ndoo yangu, nikasubiri aseme na yale mengine, kama zamani juu ya beseni. Alikaa hivyo ameinama, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaniomba ndoo.